Makatambuga ya Farasi

Komiseri Anatoli wa Gitega alipenda kesi zinazokwisha kabla chai haijapoa, na hii yeye aliiona imekwisha tangu jana. Farasi wa kukodisha alidondosha kiatu cha chuma katikati ya harusi, akajikwaa, bwana harusi Godfrey aliyempanda akaruka hewani na tai yake shingoni, akavunjika mguu. Aliyekipigilia misumari kiatu kile ni Houssein, mhunzi wa Muyinga. Houssein yuko mahabusu. Sasa nini tena?

"Kesho adhuhuri anahamia gerezani," alisema Anatoli akikoroga sukari. "Dosiye inaenda kwa prokireri, amfungulie mashtaka. We saini tu, Theodosia."

Inspekta Theodosia hakusaini. Alikulia kambini Tanzania, akarudi nyumbani na Kiswahili cha huko pamoja na tabia moja iliyowachosha wakubwa wake wote: haamini kitu ambacho hajakishika kwa mkono. Mezani mbele yake vililala viatu vitatu vya chuma, vyote vya farasi yule yule, vyote vimedondoka msimu huu huu wa mvua. Cha tatu ndicho kilichomvunja Godfrey mguu.

"Afande, vyote vitatu ni vya miguu ya mbele."

"Et alors? Mtu akitaka farasi aanguke, atalegeza ya nyuma? Farasi anaangukia pua, haangukii mkia."

Hoja hiyo ilimkera Theodosia. Alikigeuza kiatu kimoja. Kwenye kisigino chake palikuwa na alama ya kugongwa, imebonyea na kung'aa. Akakichukua cha pili, akakuta alama pale pale. Cha tatu vilevile. Misumari ilikuwa mizima, haikukatwa wala haikung'olewa kwa koleo, maana kichwani haina jeraha. Aliuinua mmoja akaunusa.

"Mungu wangu," alisema Anatoli. "Sasa tunanusa ushahidi."

"Unanuka siagi."

"Na chai yangu inanuka tangawizi. Madame, sababu tunayo. Venansi, mwenye farasi, alisema hadharani ataleta fundi mwingine kutoka Bujumbura. Houssein akasikia, akalipiza kisasi. Una mpaka kesho adhuhuri. Baada ya hapo nasaini mwenyewe."

Huko mahabusu, Houssein alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Alikuwa mtu mpana wa mabega, mwenye vikovu vya cheche mpaka kwenye nyusi. Alipomwona Theodosia alisimama kwa heshima.

"Chef, mi sikulegeza kitu. Ile farasi inajivua viatu yenyewe."

"Inajivua?"

"Yenyewe kabisa, kama iko inataka kuingia msikitini." Alicheka peke yake, kisha kicheko kikamkauka. "Mi nilijua iko na ile tabia. Donc nikatengeneza pete za mpira, za tairi, inavaa kwa miguu ya mbele, juu ya kwato. Nilimupatia Venansi kwa mikono yake. Nikamwambia: patron, usiziondoe. Siku ya harusi zilikuwa wapi? Muulize."

"Ameshaulizwa. Kwenye dosiye anasema hajawahi kuziona."

"Basi mi nimekwisha," alisema Houssein, akaketi tena juu ya ndoo yake.

Njia ya mwongo ni fupi, lakini lazima mtu aitembee. Theodosia alikwenda kwa Venansi, nje kidogo ya mji, kwenye barabara ya kwenda Itaba. Venansi alikuwa na ukumbi wa harusi wenye nguzo za rangi ya dhahabu, na nyuma ya ukumbi kulikuwa na banda la mbuzi wa mkewe na zizi la farasi. Farasi aliitwa Inkuba, yaani radi, na kweli alikuwa mnyama wa kutisha kwa uzuri: mweusi tii, miguu mirefu, shingo kama ana habari kwamba anapigwa picha. Mtunzaji wake, Nazario wa Butihinda, alikuwa anampapasa shingoni huku akimnong'oneza.

"Madame l'inspecteur!" Venansi alikuja na viatu vyenye ncha na tabasamu la mwenye ukumbi. "Hii mambo bado haijaisha? Houssein iko mtu mbaya, vraiment. Mi nilimwamini kama ndugu."

"Nataka kuona miguu tu," alisema Theodosia.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Theodosia aliinama, sare na yote, mpaka magoti yakagusa majani mabichi ya mgomba yaliyotandikwa zizini. Kwato zote nne ziling'aa kama zimepigwa rangi. Alipitisha kidole, akanusa. Siagi ya ng'ombe, ile ya kusukwa kwenye kibuyu, haina ubishi.

"Nazario. Nani anapaka hii?"

Kijana wa watu alibadilika rangi. Venansi alikuwa wa kwanza kupaza sauti. "Siagi! Kwa misumari! We ndiye umelegeza farasi yangu? Umetumwa na Houssein?"

"Afande, naapa kwa Mungu sikutumwa," Nazario alisema, sauti ikimtetemeka. "Babu yangu alikuwa na ng'ombe kabla hatujakimbia. Ng'ombe anayependwa hupakwa siagi, pembe na ngozi, ang'ae watu wamwone. Huyu hana pembe. Nikasema basi nimpake kwato. Kila asubuhi nampaka. Nilifikiri namheshimu."

Basi hapo ungedhani kesi imepata mwenyewe. Venansi tayari alishatoa simu ampigie komiseri. Kwamba siagi na majani mabichi yanalainisha ukwato, na ukwato laini haushiki msumari, hata mtoto angekubali. Theodosia mwenyewe alikwishaanza kumhurumia Nazario, na kumhurumia mtu kabla hujamaliza kumchunguza ni kosa. Alijizuia.

"Unapaka kwato ngapi, kaka Nazario?"

"Zote nne, afande."

"Na za nyuma viatu vyake viliwahi kutoka?"

"Hata siku moja."

"Basi bwana Venansi, weka simu mfukoni." Theodosia alisimama, akafuta magoti. "Siagi ni ya miguu yote, balaa ni la miguu ya mbele peke yake. Siagi inasaidia, lakini siyo mwizi wetu."

Akamwomba Nazario amwinulie Inkuba mguu wa nyuma. Kiatu cha nyuma kilikuwa kimechongoka kidogo mbele, na pale mbele chuma kimelika na kung'aa. Theodosia alitoa mfukoni kile kiatu cha harusini, akaiweka alama ya kisigino chake juu ya ile ncha. Ilikaa barabara, kama ufunguo kwenye kufuli lake. Alijaribu cha pili, nacho kikakaa. Hiyo siyo nyundo ya mtu! Farasi huyu ana hatua ndefu kuliko akili yake. Akikimbia, mguu wa nyuma unafika kabla wa mbele haujaondoka, unakanyaga kisigino cha kiatu, na mguu wa mbele ukiinuka kiatu kinabaki chini. Kweli anajivua mwenyewe, tena kwa miguu yake mwenyewe.

Kisha akaona kitu kingine. Juu ya kwato za mbele, manyoya yalikuwa yamelika kwa duara, mguu huu na ule. Miguu ya nyuma manyoya yalikuwa mazima.

"Hii ni nini?"

"Corde," alisema Venansi haraka. "Tunaifunga kamba. Si ndiyo, Nazario?"

Nazario alitazama majani ya mgomba. "Kamba, afande," alisema kwa sauti ya mtu anayefikiria kibarua chake.

Theodosia alitazama zizi zima. Hakukuwa na kigingi chini wala kipande cha kamba sakafuni. Inkuba alikuwa amefungwa kwa hatamu ya kichwa, kwenye pete ya ukutani iliyolika kwa miaka. Alishukuru, akaondoka, akatafuta gari la kwenda Muyinga.

Gari la polisi halikuwa na mafuta, kama kawaida, kwa hiyo alipanda gari la mtu anayepeleka vitunguu, akafika alasiri akiwa ananukia mboga. Mtaa wa Waswahili wa Muyinga ulikuwa na shughuli zake: cherehani zinalia, mtu anachoma mishikaki, redio inasoma matangazo ya vifo. Karakana ya Houssein ilikuwa kimya. Fatuma, mkewe, alikuwa ameketi mbele ya tanuri lenye majivu baridi.

"Karibu, dada. We ndiye unamufunga bwana yangu ama we ndiye unamufungua?"

"Nataka kujua nifanye lipi," alijibu Theodosia, akavua viatu mlangoni.

Swali hilo na jibu lile viliwatosha wote wawili. Fatuma alimkaribisha chai, kisha akaonyesha tanuri kwa kidevu. "Hii moto haikuwa inazimika, hata mwezi wa Ramadhani. Toka wamuchukue, mi siwashi. Mwenye moto ndiye anasema iwashwe. Watu wanakuja na majembe, nawarudisha."

"Anasema alitengeneza pete za tairi za farasi."

"Ego, ndiyo! Nilimushikia hii tairi mi mwenyewe. Wanacheka hapa, eti Houssein anashonea farasi makatambuga." Alikwenda pembeni akaburuta nusu ya tairi la lori, zito, lenye matundu mawili ya mviringo kama chapati iliyokatwa kwa kikombe. "Angalia. Pete mbili zilitoka hapa."

Theodosia alipiga magoti tena. Siku hiyo ilikuwa siku ya magoti. Mistari ya tairi ilikatika kwenye ukingo wa kila tundu, mmoja umekatwa kwa mshazari, mwingine umepita kwenye kiraka cha rangi nyeupe ambacho dereva fulani alikipaka zamani. Mtu anaweza kukana neno. Anaweza kukana hata sura ya mtu. Lakini kipande cha tairi kikirudishwa mahali kilipokatwa, mistari yake huungana, na hapo hakuna cha kukana.

"Naliomba hili tairi, dada Fatuma."

"Lote? Utalibeba aje?"

Alilibeba begani. Muyinga nzima ilimwona inspekta wa Gitega akikatiza stendi na nusu tairi la lori, na Muyinga nzima ilikuwa na la kusema. "Chef, na gari yenyewe iko wapi?" alipiga kelele muuza ndizi mmoja, na Theodosia, aliyekuwa amechoka kupita kiasi, alicheka mpaka machozi.

Asubuhi alikuwa tena kwa Venansi, tairi begani, Komiseri Anatoli nyuma yake. Anatoli alikuja kwa sababu moja tu: alitaka awepo Theodosia atakaposhindwa.

"Tafuta," alisema Venansi, amefungua mikono. "Tafuta nyumba yote, stoo, gari. Pete ya mpira hapa haiko. Haijawahi kuwa."

Walitafuta. Stoo, hakuna. Shimo la taka, hakuna. Chini ya matandiko, hakuna. Anatoli alianza kutazama saa, na Theodosia akarudia stoo mara ya pili, maana huko mahabusu Houssein alikuwa anasubiri adhana ya adhuhuri. Alilitua tairi uani apumzishe bega. Hapo ndipo alipotoka jikoni Lucia, mke wa Venansi, mama mnene mwenye kitenge cha kufulia, akaliona tairi, uso wote ukachangamka.

"Yampayinka! Inspekta, tairi nzuri hii! Unaweza kunikatia kidogo? Niko na lango la mbuzi, nimetia bawaba mbili za mpira kama huu huu, ziko nguvu vraiment. Nataka ya tatu ya chini, ile beberu inasukuma sana."

Venansi alifumba macho.

"Mama Lucia," alisema Theodosia polepole, "hizo bawaba ulizipata wapi?"

"Si bwana alinipatia? Aliniambia nizitupe. Mpira mzima vile, mi nitupe? Niko mwendawazimu?" Alimgeukia mumewe. "We nawe! Kwani nilikosea?"

Hakukosea, na ndipo Venansi alipokwama. Katika nchi hii mtu atatupa karatasi, atatupa maganda, atatupa hata rafiki. Mpira wa tairi hautupwi. Utakuwa bawaba, utakuwa kamba ya baiskeli, utakuwa soli. Venansi alikuwa tajiri kwa muda mrefu mno, akasahau.

Theodosia alizibandua bawaba langoni mwenyewe kwa kisu. Pete ya kwanza aliirudisha kwenye tundu la tairi mbele ya pua ya Anatoli: mshazari ukakutana na mshazari. Ya pili ikaingia, na kiraka cheupe kikawa kizima tena. Upande wa ndani, kwenye mpira, yalikuwa yamenasa manyoya mafupi, meusi tii.

"Ya mbuzi?" Anatoli aliuliza, bila matumaini.

"Mbuzi wa mama Lucia ni weupe, afande. Hii ndiyo 'kamba' yako, bwana Venansi."

"Ninyi mlitaka nifanye nini?" Venansi alilipuka. "Farasi ya harusi! Bibi harusi na gauni, kamera, wageni wa Bujumbura, na farasi yangu imevaa makatambuga kama mchunga mbuzi? Wangenicheka mpaka kaburini! Nikaziondoa, oui. Et puis? Ni mpira tu. Nani anasema ungezuia kitu? Houssein anasema! Mfungwa!"

Anatoli alikohoa. "Hapo ana hoja, Theodosia."

"Basi tusibishane na farasi," alisema Theodosia. "Tumuulize mwenyewe. Houssein aletwe."

Houssein aliletwa na pingu, zikafunguliwa kwa ajili ya kazi. Habari zilikuwa zimeshafika sokoni, na watu walijipanga kwenye ukuta wa zizi kama kwenye mechi. Houssein alipiga kiatu cha mbele kilichokosekana, msumari kwa msumari, Anatoli akiwa ameinama kando yake na kukagua kila mmoja. Aliposimama, Anatoli alisema kwa sauti watu wote wasikie: "Imeshika. Nimeona mimi." Nyuma ya zizi kulikuwa na mteremko wa nyasi uliolowa mvua ya alfajiri. Nazario hakumpanda Inkuba. Alimkimbiza kwa kamba ndefu, kwanza bila pete.

Inkuba akashuka shoti, akapanda. Kiatu kipo. Akashuka tena. Kipo. Venansi akaanza kutabasamu, na mtu mmoja ukutani akasema inspekta leo ameumbuka. Jasho lilimtoka Theodosia. Vipi kama mnyama huyu leo ameamua kuwa na adabu?

"Mpeleke kwenye matope, Nazario!" alipiga kelele. "Kama siku ya harusi!"

Nazario alimtazama tajiri wake, kisha akamtazama Houssein. Akavuta kamba, akampeleka kwenye matope. Inkuba aliingia kwenye kona kwa mbio, mguu wa mbele ukazama, wa nyuma ukamfuata upesi, na watu wote waliona kwa macho yao: chuma juu ya chuma, kwacha! Kiatu kikaruka, kikatua hatua mbili kutoka kwenye viatu vilivyopigwa kiwi vya komiseri.

Anatoli alikiokota. Kwenye kisigino palikuwa na alama mpya, bado ina matope. Alimpa Houssein akipige upya.

Mara ya pili Inkuba alivaa makatambuga yake. Watu walicheka, na Venansi alijifunika uso, lakini Inkuba mwenyewe hakuona aibu yoyote. Alishuka, akapanda, akashuka, akaingia kwenye matope yale yale na kona ile ile. Mguu wa nyuma ulikuja na pupa yake ile ile, ukagonga mpira, puh, ukateleza, na kiatu kikabaki kwenye mguu wake. Tena. Na tena. Nazario alikuwa anakimbia naye huku akicheka kama mtoto, na kufikia hapo akina mama ukutani walishaanza vigelegele, na mama Lucia ndiye aliyevipiga kwa nguvu kuliko wote.

"Afande!" Nazario alipiga kelele akihema. "Bwana alinikataza kusema! Pete zilikuwepo! Alizivua asubuhi ya harusi, mimi nikishuhudia!"

"Tumeshasikia, kaka. Lakini asante."

Anatoli alimgeukia Venansi. "Patron, utakuja na mimi. Kuna familia ya Godfrey inasubiri kuelezwa, na utawaeleza wewe, si mhunzi." Kisha akasita, akamtazama Theodosia, na neno likamtoka kwa shida kama msumari wenye kutu. "Kazi nzuri."

Houssein alikuwa bado ameshika nyundo, kama mtu ambaye hajui kama anaruhusiwa kuiweka chini. Nazario alimsogelea na kumwomba radhi ya siagi.

"Siagi weka kwa mkate, sha," alisema Houssein, akampiga begani. "Na zile majani mabichi ondoa. Mguu wa farasi unataka pakavu."

Pembeni, beberu wa mama Lucia alikuwa ameshagundua kwamba lango halina bawaba, na mbuzi walikuwa wanatoka mmoja mmoja kuelekea barabara ya Itaba. Hakuna aliyewafukuza. Theodosia alitoa simu yake, akatafuta namba ya Muyinga, akampa Houssein. Simu iliita kidogo tu.

"Dada inspekta?" ilikuwa sauti ya Fatuma, imekaza. "Sema tu. Mi niko tayari."

Houssein aliiweka nyundo chini. Kisha akasema kwa sauti ya mwenye karakana yake:

"Fatuma. Washa moto."